Nicholas David: Kutoka miamba ya Ufaransa hadi vilima vya Bahr el-Ghazal

Katika nyumba nyingi za Juba, maji ya kunywa bado hupozwa ndani ya mtungi wa udongo. Mtungi ukivunjika, vigae vyake hutupwa nyuma ya nyumba na kusahaulika. Kwa mwanaakiolojia, hapo ndipo habari inapoanza.

Mwaka 1979, Nicholas David, mtaalamu aliyepata shahada yake ya uzamivu kwa kuchunguza zana za mawe za Ulaya ya kale, aliongoza msafara wa Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, kwenda katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Wakati huo nchi ilikuwa katikati ya vita viwili, na muda wa kazi ulikuwa mfupi kuliko alivyoweza kujua mtu yeyote. Zaidi ya miaka 40 baadaye, matokeo ya msafara huo na ya ile miwili iliyoufuata yangali msingi wa elimu yetu juu ya watu walioishi katika bonde hili kabla ya kuandikwa kwa kitabu chochote kuwahusu.

Makala hii inaeleza safari ya kitaaluma ya msomi huyo, na swali moja lililomfuata kila alikokwenda: je, chombo alichokiacha mtu kinaweza kutuambia mtu huyo alikuwa nani?

Alianzia wapi?

Kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika bonde la mto Vézère, kuna mji mdogo wa Les Eyzies. Juu yake husimama majabali ya chokaa ambayo yamejitokeza mbele kama mapaa ya nyumba. Chini ya mojawapo, panapoitwa Abri Pataud, wawindaji wa zama za barafu walipiga kambi mara kwa mara kwa maelfu ya miaka. Waliacha majivu ya meko, mifupa ya wanyama wa nchi za baridi wa jamii ya kulungu, na zana za gumegume. Mavumbi yaliyoporomoka kutoka mwambani yakafunika kila kambi, na kambi nyingine ikawekwa juu yake.

Kati ya mwaka 1958 na 1964, Profesa Hallam Movius wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani aliongoza uchimbaji mkubwa mahali hapo. Timu yake ilitambua tabaka 14 za makazi. David alipewa tabaka la nne, na kutokana nalo akaandika tasnifu aliyoikamilisha Harvard mwaka 1966.

Tabaka hilo lilikuwa na idadi kubwa ya patasi ndogo za jiwe za aina ya pekee. Patasi hizo zilipewa jina la Noailles, kwa kuwa zilitambuliwa kwanza katika pango lililo karibu na kijiji chenye jina hilo. Wataalamu wengi wa Ufaransa waliziona kuwa dalili ya hatua moja tu katika maendeleo ya utamaduni uliokwisha kujulikana. David hakukubaliana nao. Alilinganisha zana hizo na nyingine za Ulaya magharibi, akahitimisha kwamba zilitengenezwa na jamii yenye desturi zake yenyewe, ambayo aliiita ya Kinoailia. Kitabu chake kamili juu ya hoja hiyo kilitoka mwaka 1985.

Lakini ndani ya hoja hiyo kulikuwa na shimo, na mwenye hoja alikuwa wa kwanza kuliona. Jamii yenyewe ilikwisha kutoweka zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa kama patasi ile ilikuwa alama ya ukoo, mtindo wa fundi mmoja na wanafunzi wake, au chombo cha kazi fulani tu kilichoazimwa kutoka kambi hadi kambi. Mawe yalihesabika, ila maana yake ilibaki ya kukisiwa.

Kwa nini aligeukia Afrika?

Jibu la David lilikuwa kwenda kuishi na watu ambao wangali wanatengeneza vyombo vyao kwa mikono, awatazame, awaulize, kisha arudi kwenye mabaki ya kale akiwa na macho mapya. Njia hiyo inaitwa ethnoakiolojia: kuchunguza maisha ya walio hai kwa ajili ya kuelewa mabaki ya waliotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wasomi walioifuata walikuwa wachache, naye akawa mmoja wa waasisi wake.

Alichagua kijiji cha Bé, kaskazini mwa Kamerun, ambako Wafulani waliishi pamoja na watu wa jamii nyingine. Hapo alipima nyua na nyumba, akauliza nani analala wapi na nani anapika wapi. Kisha akahesabu vyungu vyote vilivyokuwa katika matumizi na kuwauliza wenye navyo vilikuwa na umri gani.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1971 na 1972 yaliwashtua wenzake. Chungu cha kupikia, ambacho huinjikwa na kuipuliwa kila siku, hudumu miaka michache tu. Mtungi mkubwa wa kuhifadhia, ambao hausogezwi mahali pake, unaweza kukaa kwa muda mrefu mara kadhaa kuliko huo. Kwa hiyo, baada ya miaka 100, jalala la nyumba moja litakuwa na vigae vingi sana vya vyungu vya kupikia na vichache vya mitungi, hata kama mama mwenye nyumba alikuwa na idadi sawa ya vyombo hivyo viwili. Mchimbaji asiyelijua jambo hilo atahesabu vigae kwa uangalifu wote na bado atapata picha ya uongo.

Wakati huohuo alikuwa akifundisha, kwanza katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, huku akiendelea na utafiti Afrika ya kati. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, karibu na mji wa Bouar, alichunguza makaburi ya mawe yaliyosimamishwa, ambayo wenyeji huyaita tazunu, na kijiji cha kale cha Nana-Modé. Huko alianza kuyaweka mabaki ya udongo kando ya ushahidi wa lugha. Alijiuliza ni lini wasemaji wa lugha za Kiubangi, kundi ambalo Kizande cha Equatoria Magharibi kimo ndani yake, walienea katika nchi hizo. Swali hilo lilimsogeza hadi kwenye mlango wa Sudan.

Kipindi kifupi cha amani

Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulimaliza vita vya kwanza vya kusini mwa Sudan na kuipa Juba serikali ya kanda yenye mamlaka yake ya ndani. Wakimbizi walirejea, barabara zikafunguliwa, na Chuo Kikuu cha Juba kikaanzishwa mwaka 1975. Kwa wanahistoria ilikuwa fursa isiyo ya kawaida. Kaskazini mwa Sudan, piramidi na mahekalu ya Meroe yalikuwa yamechunguzwa kwa vizazi kadhaa. Kusini, ramani ya akiolojia ilikuwa karibu nyeupe.

Msafara wa David wa mwaka 1979 ulikuwa mmoja kati ya kadhaa zilizoandaliwa na taasisi ya Nairobi. Mwaka uliofuata Peter Robertshaw, pamoja na mwanaanthropolojia Andrew Mawson, walichimba Equatoria Mashariki. Baadaye Robertshaw alifanya kazi katika eneo la Lakes pamoja na Ari Siiriäinen wa Finland. Huyu naye alikuwa mtaalamu wa Ulaya ya kale, aliyeandika tasnifu yake juu ya Enzi ya Mawe na mabadiliko ya mwambao wa bahari katika nchi yake.

Mwaka 1982 matokeo yalikusanywa katika kitabu kimoja, kilichohaririwa na Robertshaw na John Mack, na kuunganisha akiolojia, isimu na masimulizi ya wazee. Mwaka mmoja baadaye, 1983, vita vya pili vilizuka. Vilidumu hadi mwaka 2005, na uchimbaji ukakoma.

Ni nini kilipatikana Dhang Rial?

Nchi ya Bahr el-Ghazal ni tambarare, na masika yakifika sehemu kubwa yake hugeuka maji. Penye mwinuko, hata wa mita chache, ndipo pa kujenga nyumba na kulaza ng'ombe. Ndiyo maana watu wamerudi kwenye miinuko ileile kizazi baada ya kizazi. Kuta za udongo zilizoanguka, majivu, samadi na vigae vimeiongeza miinuko hiyo kimo, hadi ikawa vilima vilivyojengwa na maisha yenyewe. Bila kukusudia, wakazi hao walifanya jambo lilelile lililofanywa na mwamba wa Abri Pataud: waliyapanga maisha yao kwa tabaka.

Wadinka, wanaojiita Jieng, husimulia kwamba walipofika waliwakuta watu wengine katika vilima hivyo, watu wanaowaita Luel. David na wenzake walichimba kilima kinachoitwa Dhang Rial, karibu na Wun Rok, katika jimbo ambalo leo ni Warrap. Ripoti yao, iliyoandikwa na David, Paul Harvey na mwanajiografia Andrew Goudie wa Oxford, ilichapishwa katika jarida la Azania mwaka 1981.

Tabaka za chini zilikuwa za watu waliofinyanga vyungu na kutumia zana za mawe, lakini hawakuwa na chuma. Juu yao walikuwapo watu wa chuma na ng'ombe. Juu zaidi mapambo ya vyungu yalibadilika: vyombo vilipambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, na kuacha alama za mistari midogomidogo. Katika Afrika Mashariki, vigae vya namna hiyo huhusishwa mara nyingi na wasemaji wa lugha za Kinailoti, ambao Wadinka ni miongoni mwao.

Kwa hiyo ardhi iliafiki kiini cha masimulizi ya wazee: walikuwapo watu, kisha yakaja mabadiliko. Jambo hilo si dogo. Kwa muda mrefu, waandishi wa kigeni walikuwa wameandika kana kwamba kusini mwa Sudan hakukuwa na historia kabla ya kufika kwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa katika karne ya 19. Dhang Rial ilionyesha makazi, ufundi na ufugaji vilivyotangulia ujio huo kwa karne nyingi.

Je, chungu ni kabila?

Hapa ndipo mafunzo ya Ufaransa na ya Kamerun yalipokutana. Ni rahisi kusema kwamba chungu kipya maana yake ni watu wapya. Lakini mapambo yanaweza kubadilika kwa sababu nyingine nyingi. Wanawake huolewa mbali na makwao na kwenda na ufundi wao. Mfinyanzi hodari huigwa na majirani. Sokoni mtu hununua chombo kizuri bila kuuliza lugha ya aliyekifinyanga. Na hata pale wageni wanapofika kweli, mara nyingi waliotangulia hawaondoki. Huoana nao, hujifunza lugha mpya, na baada ya vizazi vichache wajukuu wao hujiita kwa jina la waliokuja.

Katika maandishi yake ya mwaka 1982 kuhusu msafara ule, David alijaribu kuvipatanisha vigae, lugha na masimulizi, akikijua kila kimoja kuwa shahidi mwenye mipaka yake. Lugha hueleza nani anahusiana na nani, lakini haina tarehe. Kigae kina tarehe, lakini hakisemi. Masimulizi yana majina, lakini hukunjwa na kukunjuliwa kila yanapopita mdomoni mwa msimulizi.

Katika Sudan Kusini ya leo suala hilo linagusa maisha ya watu. Neno "mwenyeji" na neno "mgeni" yamebeba uzito mkubwa katika migogoro ya viwanja, malisho na mipaka ya kaunti. Jamii ndogo zinazozungumza Kiswahili mjini Juba zinaujua uzito huo: familia zilizorejea kutoka kambi za Kenya na Uganda, na wafanyabiashara waliofuata njia ya Nimule. Kila anayetaka kuthibitisha kwamba babu zake walitangulia anaweza kutamani kigae kiwe hati ya ardhi. Hakiwezi kuwa hivyo. Kilichoonekana katika vilima vya Bahr el-Ghazal ni tabaka juu ya tabaka, na hakuna tabaka lililokuwa la mwisho.

Milima ya Mandara na fundi Dokwaza

Baada ya Sudan, David alihamia Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada. Katika chuo hicho alikuwa amefundisha Peter Shinnie, aliyewahi kuongoza idara ya mambo ya kale ya Sudan. Kuanzia mwaka 1984 aliongoza mradi wa muda mrefu katika milima ya Mandara, mpakani mwa Kamerun na Nigeria, akishirikiana na mwanaanthropolojia Judy Sterner na wanafunzi kutoka nchi mbalimbali.

Huko alikuta kwamba kazi ya udongo na ya chuma hukaa ndani ya nyumba moja. Miongoni mwa Wamafa, wahunzi ni tabaka la pekee: mume hufua chuma na kuzika wafu, na mke hufinyanga vyungu. Mwaka 1986 fundi mzee aliyeitwa Dokwaza aliwasha tena tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma, kazi ambayo ilikuwa imekwisha kuachwa kwa sababu ya chuma chakavu cha madukani. David aliirekodi. Filamu iliyotokana nayo, ya mwaka 1988, imehifadhi maarifa ambayo yangezikwa pamoja na mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1988 David, Sterner na Mghana Kodzo Gavua walichapisha makala yenye swali jepesi: kwa nini vyungu hupambwa? Walijibu kwamba katika jamii za Mandara chungu hufikiriwa kama mtu. Kina mdomo, shingo na tumbo. Kinaweza kuwa makao ya roho ya marehemu. Na mapambo yake hukilinda kama vile hirizi na mapambo ya mwili yanavyomlinda binadamu. Kwa mtafiti aliyeanza kwa kuhesabu patasi za mawe, lilikuwa jibu ambalo hesabu peke yake isingelitoa.

Upande wa Nigeria, David na Sterner waliichunguza Sukur, ambayo vitabu vya wakoloni viliieleza kama ufalme wenye nguvu uliotawala majirani zake. Wao walionyesha kwamba sifa yake ilitokana zaidi na kazi: ilikuwa jamii iliyozalisha chuma kwa wingi na kukiuza. Upande wa Kamerun walichimba majengo ya mawe yaitwayo Diy-Gid-Biy, magofu 16 yaliyojengwa bila chokaa. Mwaka 2001 David na Mmarekani Carol Kramer walitoa kitabu cha ethnoakiolojia ambacho kimekuwa cha kufundishia katika vyuo vingi.

Kazi iliyobaki

Sukur iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999, ikiwa ya kwanza kwa Nigeria. Wapiganaji wa Boko Haram waliishambulia mwaka 2014, lakini kwa kuwa ilikuwa imepimwa na kuandikwa, ilijulikana kilichoharibiwa ni nini. Diy-Gid-Biy ziliingia katika orodha hiyo mwaka 2025.

Sudan Kusini iliridhia mkataba wa urithi wa dunia mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikapendekeza maeneo matatu: hifadhi za Boma na Badingilo, ardhi oevu ya Sudd, na Deim Zubeir, kituo cha biashara ya watumwa cha karne ya 19. Hadi kikao cha mwaka 2025 hakuna hata moja lililokuwa limeingizwa katika orodha kamili, na vilima vya kale vya Bahr el-Ghazal havikuwa miongoni mwa mapendekezo hayo. Makumbusho ya taifa yamezungumzwa tangu uhuru wa mwaka 2011. Vita vya mwaka 2013 viliyarudisha mengi nyuma.

Wakati huohuo vilima havingoji. Mafuriko yanapozidi, familia zilizopoteza makazi hupanda penye mwinuko, kama walivyofanya waliowatangulia. Huchimba misingi, hufinyanga matofali, huzika wapendwa wao. Hakuna wa kuwalaumu. Ndiyo desturi iliyovijenga vilima hivyo. Lakini kila shimo hupitia katika tabaka ambazo hakuna aliyezisoma.

Kinachohitajika kwanza hakina gharama kubwa: kuandika mahali vilipo, kupiga picha, na kukusanya masimulizi ya wazee wanaokumbuka majina yake. David alianza Bé kwa mtindo huohuo, kwa daftari, kipimo cha urefu na swali kwa mama mwenye nyumba: chungu hiki umekuwa nacho tangu lini? Kwa upande wa Sudan Kusini, wa kuuliza swali hilo wanaweza kuwa wanafunzi wa Juba, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kidinka, kwa Kibari au kwa Kiswahili, wakati wa kulijibu wakiwa bado wapo.